Miti Isiyopandwa na Mtu

Siku mpimaji wa Kampuni ya shaba alipofika Kasungami, pembezoni mwa mji, alianza na choo. Alikizunguka, akakigonga ukuta kwa kalamu yake, akasema choo kitalipwa. Akaenda kwenye banda la kuku, ambalo kuku wake walikwisha kuliwa zamani, nalo akasema litalipwa. Mpapai dume, ambao haukuwahi kumpa mtu tunda, ulilipwa. Mipera iliyojipinda nyuma ya jiko ililipwa. Kapya alimfuata nyuma nyuma, mikono kaifunga mgongoni, na kila kitu kilipolipwa alizidi kushangaa, maana mtu huyu alikuwa akilipia takataka na bado hajainua uso kutazama kilicho mbele yake.

Mbele yake, ng'ambo ya mtaro wa viazi, ulisimama mushitu. Ni msitu wa bondeni, mweusi kwa unene wa majani, wenye chemchemi katikati, na kuuzunguka ulipanda mteremko wa miti mirefu ya mitondo. Mpimaji aliutazama kama mtu anavyotazama mawingu, akafunga kalamu yake.

"Chef, na ile?" Kapya akauliza, akaonyesha kwa kidevu.

"Ile nini, mama?"

"Mushitu."

"Ah! Ile ni pori."

"Ni pori ya bamama yetu."

"Nani aliipanda?"

Kapya akafikiri kwa dhati kabisa, kwa sababu swali hilo hakuwahi kuulizwa. "Hakuna muntu aliipanda. Tulizaliwa, tukakuta iko."

"Basi, njo vile. Kampuni inalipaka kintu yenye muntu alipanda ao alijenga. Kama ni Mungu njo alipanda, Mungu akuye asigne karatasi."

Mpimaji akacheka. Mumba, mume wa Kapya, naye akacheka, kwa kuwa chef amecheka. Kisha kikohozi kikamshika, kile alichokitoa kwenye tanuri la kuyeyushia shaba, akainama kando ya choo kilicholipwa mpaka kikapita.

Mpimaji huyo aliitwa Citoyen Mukuka. Mama yake alimbatiza Adalbert, lakini mwaka chama kilipokataza majina ya kizungu alilivua jina hilo pamoja na tai, akavaa abacost, koti la chama lisilovaliwa na tai. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza vizuri, kwa subira, kwamba Kampuni inahitaji bonde zima lile ili ijenge bwawa la kumwagia maji ya kiwanda, yale yenye rangi ya kutu. Kwamba kila mwenye mali atalipwa. Na kwamba kazi itaanza mwaka utakaofuata. Kisha akapanda pikipiki yake akaenda zake.

Usifikiri mushitu ule ulikuwa pambo. Kuni za Kapya zilitoka humo, na mizizi ya munkoyo aliyoipikia kinywaji cha wageni, na uyoga wa mvua za kwanza, na gome la kuchemshia watoto wenye homa. Maji ya chemchemi hayakukauka hata katika miezi ile ambayo visima vya Kasungami vilitoa matope matupu. Chini, penye baridi, palilala watoto wawili wa Kapya waliozaliwa kabla ya Mwansa, wote wawili wakiwa wafu. Kwao mtoto wa namna hiyo huzikwa penye maji, bila kilio na bila alama, ili asiungue na jua na ili mama yake asikauke tumbo. Mwansa alikuja baadaye, mzima, akaolewa Likasi.

Lakini jambo kubwa lilikuwa vinkubala. Mvua zikishaanza, mitondo ya mteremkoni ilijaa viwavi hao wanene, na mji mzima uliwatamani. Hata hivyo hakuna aliyethubutu kuokota hata mmoja kabla Kapya hajaufungua mushitu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yake na kwa bibi yake. Kapya aliingia peke yake alfajiri, akaokota wa kwanza, akawachoma chini ya mtondo mkubwa, akawaonjesha wafu waliolala humo, ndipo akatoka kuwaambia watu waingie. Na watu walikuwa wanasubiri. Walitoka mtaa wa Katuba na kambi za wafanyakazi na ndoo zao, wakakaa chini, wakipiga makofi ya heshima taratibu. Wanaume wenye mshahara na saa mkononi walikaa mavumbini wakingoja neno la mwanamke aliyevaa kitambaa kilichochujuka. Siku hiyo moja ya mwaka Kapya hakuwa mke wa mgonjwa. Alikuwa mwenye mushitu.

Na hiyo siku ndiyo iliyomchoma Mumba. Alipokuwa na afya alikaa katika nyumba ya kambi, yenye mabati, ambayo huku tunayaita manjanja, na mvua ilipopiga juu yake alijiona mtu. Kifua kilipoharibika, nyumba ikapewa mwingine, naye akaja kukaa chini ya paa la nyasi, kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe. Wenzake wa kazi walipokuja na ndoo zao walimwamkia kwa utani: "Yambo, bwana ya mama Kapya!" Alicheka nao. Alivyocheka na mpimaji ndivyo alivyocheka na wote.

*

Kapya hakuridhika. Aliwaza kwamba yule Citoyen ni kijana wa ofisini, hajui kwa kuwa hajaona, na asiyeona huonyeshwa. Akachukua kikapu chake kizuri, akaweka vinkubala vya kukaushwa alivyobakiza kwa ajili ya mjukuu, mizizi ya munkoyo, uyoga mkavu, kipande cha gome, na chupa ya maji ya chemchemi. Akavaa kitenge alichokivaa kwenye ndoa ya Mwansa, akaenda mjini kwa miguu.

Alingojeshwa barazani mpaka jua likamfikia miguuni, likapanda magotini. Alipoitwa hatimaye, alipanga vitu vyake mezani, juu ya karatasi za watu.

"Mama, hapa ni bureau, haiko soko," akasema Mukuka.

"Njo maana nilileta. Ulisema mule hamuna kintu. Angalia, halafu uandike."

Karani mwenzake wa meza ya pili, mtu mnene aliyekuwa hajala tangu asubuhi, alinyoosha mkono akachukua kinkubala kimoja, akatafuna. Mukuka akachukua cha pili.

"Kopo moja ya hii inauzishwaka ngapi?"

Kapya akataja bei.

"Na unauzishaka makopo mingi?"

"Ya kuuzisha ni kiloko tu, namupelekeaka mama Amida ku soko. Ingine tunakulaka. Ingine bantu banajiokoteaka, bantu mingi, chef, mupaka ba Katuba."

"Banakulipa kuingia?"

"Banilipe juu ya nini? Banapigaka makofi, miye nafungula, banaingia."

Mukuka akamgeukia mwenzake. "Makofi tutaiandika mu colonne gani ya hii karatasi?"

Yule mnene alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi anywe maji. Alikunywa ya chupa ya Kapya, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

"Na hayo maji?" Kapya akauliza. "Unaona haina butamu?"

"Iko na butamu. Lakini maji yako unalipaka?"

"Hapana."

"Basi bei yake ni zéro, mama. Kintu ya bure haina bei. Haiko miye njo nafanya vile, ni vile banapangaka."

Hapo Kapya akautazama mlango kama uko wazi, akasema kwa sauti ya chini jambo ambalo hata na Mumba hawakulizungumza tangu walipokuwa vijana. "Mule muko batoto yangu babili."

Mukuka akaacha kutafuna. "Makaburi?"

"Balizaliwa bakiwa bafu. Bako pa maji."

"Kuko ciment? Kuko musalaba?"

"Kwetu haturuhusiwe kuweka alama."

"Pole, mama. Kampuni inahesabu kaburi yenye kuonekana." Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayezungumza na mama yake, na upole huo ndio uliomkata Kapya maini.

Alipoanza kukusanya vitu vyake aliona kwamba vinkubala vimekwisha. Mukuka alimsindikiza mpaka mlangoni, akifuta vidole vyake kwa karatasi. "Za kwako ni tamu, mama. Zinapita za Kasumbalesa. Sikiya, miye ni mutoto wa hapa, nitakuambia kintu. Mukikata ile pori, mukapanda mihogo, itakuwa shamba. Njo banaipatiaka jina ya mise en valeur. Mvua ya kwanza nitarudia, nitaandika: shamba ya mama Kapya. Pori itakufa tu, ukikata, usipokata."

Kapya akateremka ngazi na kikapu kitupu. Njia nzima alilia wazi wazi, kitenge chake cha ndoa kikiburuza vumbi, na hakujali nani anamwona.

*

Nyumbani Mumba aliuliza wamesema nini. Laiti Kapya angejibu kwamba hawakusema kitu. Lakini uchungu ukiwa mwingi mtu hutapika vyote, akamwambia mumewe kila neno, na mwisho akamwambia lile la mlangoni. Alilisimulia kama tusi. "Unasikia? Banasema nikate, nipande mihogo, njo ipate bei!" Mumba aliacha kukohoa. Alilolisikia yeye lilikuwa njia.

Hakupiga kelele, wala hakumlazimisha. Ingekuwa rahisi zaidi kwa Kapya kama angemlazimisha. Kila siku alipoletewa bukari, ugali wa huku, alikula kimya, kisha akaweka neno moja.

"Mama Mwansa, maji ya kutu itazamisha yote. Utaita nani aisimamishe?"

Siku nyingine: "Mitondo itakufa imesimama. Shiye tutaikala tunaangalia."

Na siku nyingine: "Manjanja tu, mama Mwansa. Miye siombe motokari. Nilale chini ya manjanja mbele ya kufa. Ni zambi?"

"Na batoto?" Kapya akauliza.

Mumba alitazama bakuli lake. "Ni juu ya batoto njo nasema. Ile maji ya kiwanda iko na acide. Itabafikia vile vile. Afazali ibafikie wakati baba yabo iko na kintu ya kubajengea kaburi ya ciment fasi ingine."

Neno hilo ndilo lililomvunja. Kama lilimtoka Mumba moyoni au kichwani, mimi siwezi kuapa. Kapya aliondoa sahani, akaosha, akazifuta, na alipomaliza akasema: "Tafuta bantu."

Mumba alipata wachoma makaa kutoka upande wa Lukafu, wanaume wanne wenye mashoka na misuli. Makaa yangeuzwa mjini, nusu yao, nusu ya Mumba. Walifika kipupwe, wakaufikia mtondo wa kwanza, wakasimama. Mkubwa wao akauliza ni nani mwenye mushitu. Mumba akasema ni yeye. Wakamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, wakaweka mashoka chini.

"Baba, shiye ni bantu ya pori pia. Mwenyewe akuye apige ya kwanza. Kama apana, turudie kwetu."

Kwa hiyo akaitwa Kapya. Alikuja akavua ndala zake, akapewa shoka. Alikuwa hajui kulishika. Maisha yake yote alikuwa akiokota kuni zilizoanguka zenyewe. Akasimama chini ya ule mtondo mkubwa, wenye doa jeusi shinani pale mama yake na bibi yake walipochomea vinkubala vya kwanza, akasema, kwa sauti ambayo wale wanaume waliisikia vizuri: "Bamama, musibakasirikie hawa bantu. Ni miye."

Akapiga. Lilikuwa pigo dhaifu, likatoa gamba tu, likaacha weupe mdogo kama ukucha. Lakini lilitosha. Wanaume wakatemea viganja vyao mate, na kazi ikaanza.

Miti ile ilianguka kipupwe chote. Matanuri ya makaa yalifuka mchana kutwa, na moshi uliingia katika nguo, katika unga, katika maziwa ya waliokuwa wananyonyesha. Mumba aliuza mafungu yake, akanunua manjanja. Hayakutosha. Alipigilia upande wa kulala, na upande wa jiko ukabaki nyasi, ili amalizie fedha ya Kampuni itakapofika. Alikaa nje akiitazama nyumba yake nusu kwa nusu, na kwa mara ya kwanza tangu alipotoka kambini aliimba. Kapya alimsikia na hakumchukia. Hilo nalo lilimuuma, kwamba hakuweza hata kumchukia.

*

Mvua ya kwanza ikanyesha, wakapanda mihogo kati ya visiki, wakipanga mistari iliyonyooka ili mpimaji akija aone shamba, asione kitu kingine. Maji ya mvua, yasipokuta majani wala mizizi ya kuyapunguza, yaliteremka mbio na udongo mwekundu, yakaingia katika chemchemi. Kapya alizibua kwa jembe, ikajaa tena. Mwisho akaanza kwenda kuomba maji kwa jirani, akiwa na ndoo kichwani na maneno ya kuomba mdomoni, yeye ambaye majirani walichota kwake bila hata kubisha hodi.

Mukuka hakuja. Mvua zikakolea, mihogo ikachipua, hakuja. Mumba akavaa suruali yake ya zamani ya kazi, akaenda mwenyewe ofisini, akarudi jioni akiwa amelowa. Akakaa upande wa manjanja. Mvua ilikuwa ikipiga juu kwa sauti kubwa, ile aliyoitamani miaka yote, hivyo ikamlazimu kupaza sauti.

"Bwawa haiko tena."

"Haiko namna gani?"

"Citoyen anasema bei ya shaba imeanguka kule ku Bulaya. Kampuni imesimamisha kazi. Hakuna bwawa, hakuna kulipa. Hata choo, hakuna." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Anasema tufurahi. Anasema udongo inabakia yetu."

Kapya alikuwa akimenya muhogo. Aliendelea kuumenya mpaka ukaisha, kisha akaumenya tena pale ulipokwisha menywa, kisu kikimega nyama nyeupe, mpaka kikabaki kijiti.

*

Asubuhi ya siku chache baadaye, akiwa bado ndani, alisikia makofi, yale ya taratibu. Alitoka na kuwakuta wameketi pale wanapoketi kila mwaka, na ndoo zao. Walikuwa wachache, kwa kuwa habari zilikwisha wafikia wengi. Hawa walikuja kuona kama ni kweli. Walikuwa wanatazama visiki na mistari ya mihogo, na mikono yao ilipiga makofi kwa mazoea tu.

Mbele yao alisimama Amida, mchuuzi wa sokoni, mwanamke wa familia za Waislamu wa Maniema, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kama siku zote. Kwa miaka mingi aliuza vinkubala vya Kapya, ingawa mwenyewe, kwa dini yake, hakuwahi kuvitia mdomoni. Chini, karibu na miguu yake, kulikuwa na gunia.

"Kampuni njo ilifanya hivi?" Amida akauliza, akiziba mdomo wake.

"Njo Kampuni!" Mumba akajibu haraka kutoka mlangoni.

Wanawake wakaguna kwa huruma. Mmoja akasema Kampuni haina Mungu. Kapya aliwasikia wakimwonea huruma. Uongo wa mumewe ulimkalia mwilini kama nguo ya kuazima, nao ulimsitiri, akauacha.

Amida akasogea karibu, akashusha sauti. "Mama Mwansa, pole sana. Lakini iko kintu nataka kukuomba. Hii gunia ya vinkubala nilitosha ku Kasumbalesa, ku mupaka, iko ya Zambia. Bantu banaogopa kununua. Kila muntu ananiuliza: ilifunguliwa? Mama Kapya aliifungula? Miye sijue kuongopa. Chukua kiloko, uchome pale pa mutondo yako, useme ile maneno. Halafu niende ku soko niseme umefungula."

Kapya alilitazama gunia. Akatazama kisiki cha mtondo mkubwa, ambacho pembeni yake bado kulikuwa na lile doa jeusi. Vinkubala vya nchi ya watu, kutoka miti asiyoijua, viletwe kwa lori mpaka hapa, vichomwe juu ya kisiki, ili soko liridhike. Alimkumbuka mama yake, akamkumbuka bibi yake. Kisha akaukumbuka upole wa yule kijana mlangoni, akifuta vidole.

"Utanilipa ngapi?" akauliza.

Makofi yakanyamaza. Amida alimtazama kana kwamba hakumtambua. Walifahamiana tangu wakiwa wasichana, na katika miaka yote hiyo, kwa kufungua, hakuna mtu aliyewahi kuulizwa swali hilo, wala mama yake Kapya hakuuliza, wala mama yake mama yake.

"Kulipa juu ya... kufungula?"

"Kama haina bei ni kintu ya bure, mama Amida. Na kintu ya bure ni kama haiko."

Amida hakubishana. Alikuwa mchuuzi, na bei aliijua ikitajwa. Aliinama, akachota kopo moja la vinkubala kutoka ndani ya gunia, akalijaza mpaka juu kama Kapya alivyomjazia yeye siku zote. Halafu akasita, na kwa kiganja cha mkono wake akalisawazisha kama anavyompimia mteja wa sokoni, cha juu kikamwagika ndani ya gunia.

"Malipo ni kopo moja," akasema.

Kapya akapokea kwa mikono miwili, akaenda kuwasha moto kwenye kisiki.